Onyo la Kwanza kwa Laazizi

Tarehe 4 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

…na hapo hapo laazizi wangu akaingia na chai, akanitoa kalamu mkononi, ndiyo sababu barua yangu ya wiki iliyopita iliishia katikati ya neno. Usinicheke. Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Masikio sikuulizi; kama kiwanda cha biskuti kisingekuachia huo mvumo, ungekuwa unapokea simu na mimi ningekuchosha kila siku. Ila pengine ni heri hivi. Mambo mengine kwa mdomo ningeona haya kuyasema.

Sisi wazima. Baba ana kikohozi kidogo, lakini kila jioni anapita kwetu kuhakikisha hakuna kilichovunjika. Nilimwambia nakuandikia. Akasema, "Haya," akaomba maji ya kunywa.

Shangazi, leo ni siku ya sitini na moja! Nazihesabu kwa sababu sitaki hata moja ipotee. Mume wangu (neno hili naliandika polepole) anakoroma, lakini anakoroma kwa upole, kama mtu anayekubaliana na jambo. Juzi alinikata kucha za miguu huku akiimba. Nani mwingine duniani amepata hivi? Niambie, maana wewe umeishi.

Sasa habari yenyewe. Bosi wetu, yule mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, amenipandisha cheo! Mimi ndiye msimamizi wa zamu ya asubuhi hapa dobi: watu kumi na mmoja, mashine nne za kufulia, meza sita za pasi. Na mmoja wa hao kumi na mmoja ni nani? Ni yeye, mume wangu! Yuko kwenye meza ya kuchambulia. Nguo ikiingia, yeye ndiye wa kwanza kuishika: anatenga nyeupe na za rangi, anahesabu, anakagua mifuko. Kati ya meza yake na chumba changu cha pasi kuna dirisha la kioo linaloshika mvuke, na basi yeye anachora moyo kwa kidole. Kazi yake anaikimbiza haraka haraka, anaiacha meza, anakuja dirishani. Mtu anakimbia kazi kwa ajili yangu, Shangazi! Nilimhamishia kwenye gari la kusambaza mwenzake aliyekuwa anasaidiana naye mezani, ili dirisha libaki letu wawili.

Nakuhakikishia lakini, nidhamu ipo. Wiki ya kwanza tu, mama mmoja wa zamu yetu, tunamwita Mama Pacha, aliposhika meza ile siku mbili, alisahau kalamu kwenye mfuko wa shati. Nilimwandikia barua ya onyo, nusu ukurasa, mkono haukutetemeka. Aliisoma akasema, "Ahsante mwanangu. Mwandiko wako mzuri." Nadhani iliingia.

Tatizo ni mashine namba tatu. Imetuharibia nguo mara mbili. Kwanza suruali nyeusi za wahudumu wa hoteli zilitoka zimejaa vipande vya karatasi laini, kama zimepakwa unga. Halafu mashuka kumi na nane yakatoka ya waridi, na katikati yake kijiti cha rangi ya mdomo. Nimeandika kwenye daftari la matukio: "Hitilafu ya mashine namba tatu." Fundi ameifungua mara mbili, anasema haina ugonjwa. Wewe uliyeishi na mashine miaka thelathini, unashauri nini?

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi.


Tarehe 20 Februari

Binti ya kaka yangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, mimi ndiye ninayehama. Jirani yangu amenunua jogoo asiyejua saa. Hizo ndizo habari za huku.

Nimefurahi kwa kucha za miguu.

Kuhusu mashine namba tatu. Nimefanya kazi na mashine zilizokata watu vidole, zilizovuja mafuta, na moja iliyowaka moto siku ya ukaguzi. Sijawahi kuona mashine inayopaka rangi ya mdomo. Mwache fundi apumzike.

Nani anakagua mifuko ya nguo zinazoingia humo? Usinijibu mimi. Na yule mama uliyempa onyo kwa kalamu moja, je, naye uliandika kwenye daftari kwamba ni mashine?

Baba yako anywe maji ya moto yenye chumvi, asukutue. Usimwambie nimesema mimi.

Shangazi yako.


Tarehe 8 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi nikafikiri kurasa nyingine zimeanguka njiani. Sisi wazima. Baba amesukutua, kikohozi kimekwisha. Nilimwambia nimesoma gazetini. Leo ni siku ya tisini na tatu, na jana mume wangu alinifunga kamba za viatu mbele ya watu.

Nilitaka kuishia hapo. Nimekunywa maji, nimerudi.

Jumatatu mashine namba tatu ilitoa makoti ya madaktari wa zahanati. Makoti ishirini na matatu. Yaliingia meupe, yakatoka ya buluu. Sisemi yalikuwa na madoa. Yalikuwa ya buluu, ungedhani ndivyo yalivyoshonwa. Chini kabisa ya pipa la mashine kulikuwa na kalamu tatu zimepasuka. Mume wangu alisimama akiyatazama, rangi imemtoka usoni. Nikamshika mkono nikamwambia, "Usijali, laazizi, mashine hii ni mkosi." Nikafungua daftari la matukio, nikaandika.

Nilipogeuka, zamu nzima ilikuwa imesimama mlangoni. Mama Pacha alikuwa mbele, anakunja taulo taratibu kama mtu aliye msibani.

"Msimamizi," akaniita. Hajawahi kuniita hivyo, siku zote huniita mwanangu. "Nauliza tu, ili nijipange. Hapa mtu akisahau kalamu anapewa barua au anapewa busu?"

Mmoja nyuma akadakia, "Inategemea analala wapi!"

Wakacheka, Shangazi. Wale watu niliowanunulia maandazi siku niliyopanda cheo. Nikawaambia warudi kazini. Wakarudi, lakini polepole, na tangu siku hiyo kila kitu ni polepole. Pasi zinapoa. Mmoja amechelewa nusu saa, nilipomwuliza akanijibu, "Ni mashine."

Zahanati wamemwandikia bosi: likitokea tena, wanahamisha nguo zao. Bosi ameniita, akavua miwani ya machoni akavaa ya kichwani, akasema, "Nataka jina. Nataka barua kwenye jalada lake kufikia tarehe ishirini, na nione nini kitafanyika asirudie. Nisipoona, mtu huyo namwondoa mwenyewe, na msimamizi wake namrudisha kwenye pasi."

Sawa, Shangazi. Ni yeye. Ulijua. Mifuko hiyo ni kazi ya mume wangu.

Niambie jinsi ya kuiandika. Nikimwandikia onyo, ndoa yangu ya miezi mitatu itakuwaje? Atakula chakula changu? Nisipomwandikia, hana kazi. Nijibu upesi, nakuomba, nina siku kumi na mbili tu.

Mwanao.


Tarehe 21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mu wazima huko. Huku tu wazima. Nilikwenda posta siku saba mfululizo, karani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Jibu halikuja.

Basi niliandika mwenyewe. Nilichana karatasi nne. Ya tano nakunakilia hapa, unisaidie kuona nilipokosea, maana mimi hadi sasa naiona nzuri:

"Kwa Mpendwa Mfanyakazi wa Meza ya Kuchambulia. Yah: Onyo. Pole na kazi. Uongozi wa zamu ya asubuhi unatambua juhudi zako, utu wako, na tabasamu lako linaloanzia upande wa kushoto. Hata hivyo imetokea, kwa bahati mbaya sana, na pengine si wewe, kwamba makoti ishirini na matatu yamekuwa ya buluu. Uongozi hauna kinyongo. Uongozi unakuomba, ukipata nafasi, uwe unatazama mifuko. Uongozi utakuwa nawe siku zote, katika shida na raha. Wako, Msimamizi wa Zamu."

Nilimpelekea bosi tarehe ishirini asubuhi. Aliisoma na miwani zote mbili.

"Hii," akasema, "niiweke kwenye jalada au niitafutie fremu?"

Akaigeuza, akatazama nyuma.

"Amepokea?"

"Amepokea. Ameiweka chini ya mto."

Bosi akasema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba ananipa mpaka tarehe kumi Aprili, na kwamba si kwa ajili yangu, ni kwa sababu hajapata mtu mwingine anayejua kupanga zamu.

Mume wangu anasema nisijali, kazi zipo tele. Lakini usiku anageuka geuka kitandani, na nikimwuliza anasema ni joto. Shangazi, hii si kazi ya tele. Amekaa hapa miaka sita, alianza na ndoo na brashi. Namwona anavyoshika shuka likitoka safi, analinusa. Akifukuzwa kwa sababu yangu mimi, nitamtazama vipi?

Kwa nini hukunijibu?


Tarehe 27 Machi

Binti ya kaka yangu,

Marahaba. Jogoo wa jirani amechinjwa, sasa naamka nikitaka.

Barua yako ya tarehe nane ilifika tarehe kumi na tatu. Ilikaa juu ya meza yangu siku kumi na nne. Posta haina hitilafu, usiisingizie na yenyewe. Ni mimi niliyeshindwa kuijibu, na nitakueleza kwa nini, kisha barua hii uichane.

Kwanza hiyo barua yako ya onyo. Nimeposwa mara mbili maishani mwangu na hakuna aliyeniandikia vizuri hivyo.

Sasa sikia. Unajua baba yako alifanya kazi kiwandani kwetu. Umeambiwa aliacha. Hakuacha. Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufungia, yeye alikuwa kwenye mkanda unaoleta makasha. Alikuwa mfungaji hodari kuliko wote, halafu ghafla akaanza kusinzia. Anasinzia amesimama. Makasha yanarundikana, yanaanguka. Mara ya kwanza nilimwamsha nikaokota mwenyewe. Mara ya pili nikaandika kwamba mkanda uliteleza. Nilimfunika mara saba, binti yangu. Wengine wakichelewa dakika tano nawapa barua, na nilijulikana kwa hilo, waliniita Bi Kengele. Kaka yangu alisinzia mara saba na jalada lake lilikuwa jeupe kama makoti ya zahanati yenu kabla hayajafika kwenu.

Ya nane meneja alimkuta yeye mwenyewe, na makasha sitini sakafuni. Akaitisha jalada. Halina kitu. Akaniuliza, "Amewahi kuonywa?" Ningesema ndiyo, ningekuwa mwongo bila karatasi. Ningesema hapana, ningeulizwa nilikuwa nafanya nini. Nilisema hapana. Alifukuzwa kabla ya saa ya chakula, na sahihi ya msimamizi ni yangu. Watu walishangilia, si kwa sababu walimchukia, ila kwa sababu walikuwa wamechoka na mimi.

Ningempa onyo mara ya kwanza, angenuna wiki moja. Sikumpa, amenuna miaka kumi na tisa. Na la kunichoma zaidi ni hili: katika mara zote saba sikumwuliza kwa nini anasinzia. Nilikuwa na haraka ya kuokota makasha. Mpaka leo sijui.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua daftari la matukio, ufute uongo wako kwa mstari mmoja unaosomeka, uandike ukweli, uweke sahihi. Mpelekee bosi wako kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Kisha mwite mumeo, mkae chumbani, mlango umefungwa, na awepo mtu wa tatu kwa kuwa wewe ni mkewe. Mwambie alichofanya, tarehe kwa tarehe. Usimwambie alivyo, hilo ni la nyumbani. Halafu umwulize kwa nini, na unyamaze. Hapo ndipo wasimamizi wanapoharibu: wanauliza, kisha wanajibu wenyewe. Akishasema, muandike pamoja nini kitabadilika, wewe utamsaidia nini, na siku gani mtakaa tena kutazama. Siku hiyo ikifika, kaeni kweli. Onyo lisilorudiwa ni kelele tu, na kelele mimi nimezisikia mpaka masikio yakafa.

Na huyo Mama Pacha, mwombe radhi.

Shangazi yako.


Tarehe 11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wazima sote, ila nyumbani kwangu kuna kimya kinachosikika mpaka kwa majirani.

Nilifuata ulivyosema, kwa mpangilio uleule. Nilipofuta "Hitilafu ya mashine namba tatu" mara tatu kwenye daftari, fundi alikuwepo. Aliipigapiga mashine begani kama anampongeza mtu aliyetoka jela. Bosi alisoma, akaniandikia mimi barua ya onyo papo hapo kwa kuandika uongo. Mistari minne. Haikutaja tabasamu langu. Nimeiwekea sahihi ya kupokea. Ajabu, Shangazi, nilitoka mle nikiwa mwepesi.

Nilimwomba radhi Mama Pacha, na nikamwomba awe mtu wa tatu. Akasema, "Mimi? Nimhukumu mumeo?" Nikamwambia hakuna hukumu, ni kikao. Akavua aproni, akafunga kitambaa kipya kichwani.

Tulikaa kwenye chumba cha sabuni. Mume wangu aliingia akitabasamu, upande wa kushoto kwanza, akaniona nimemwekea kiti ng'ambo ya meza, tabasamu likaisha. Nilimsomea tarehe tatu. Kisha nikamwuliza, "Kwa nini?" Nikanyamaza.

Hujui ilivyo vigumu kunyamaza kwa mtu kama mimi. Tayari nilikuwa na jibu lake mdomoni: kwamba ananipenda mno, kwamba anawaza dirisha. Mama Pacha aliniona nafungua mdomo, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mume wangu alingoja mpaka mashine nje zikamaliza mzunguko. Halafu akasema, akitazama sabuni na si mimi, kwamba mwaka jana mwezi wa nane alitia mkono kwenye mfuko wa koti la daktari, na ndani kulikuwa na sindano iliyotumika. Ikamchoma kidoleni. Hakumwambia mtu. Alikwenda kupimwa peke yake, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu, akarudi, yuko salama, ameniletea hata karatasi za majibu. Lakini tangu siku ile mkono haumwingii mfukoni. Anapapasa kwa nje tu, kwa haraka, anasukuma nguo zipite, anakimbia pale mezani. Yule mwenzake alikuwa akimkagulia mifuko bila kumwuliza. Mimi ndiye niliyemhamisha mwenzake.

Shangazi, miezi mitatu! Unakumbuka harusi yetu ilisogezwa kutoka Septemba mpaka Desemba? Alisema fundi hajamaliza suti. Nami nikamwambia kila mtu, mume wangu mtarajiwa anapenda kupendeza. Na kule kukimbilia dirishani, mimi nikidhani anakimbilia kwangu! Alikuwa anaikimbia meza.

Mama Pacha ndiye aliyelia. Kisha akajipangusa akasema, "Na mimi pia situmbukizi mkono kwenye yale makoti. Nilidhani ni uzee."

Tuliandika pamoja, sisi watatu: glovu nene za mpira mezani, nguo za zahanati zikaguliwe na watu wawili, barua kwao kwamba koti ambalo mifuko yake haikumwagwa halipokelewi, na kisanduku kigumu cha vitu vyenye ncha. Yeye atakagua kila mfuko, asiache hata leso ndani. Siku ya kukaa tena, tarehe thelathini. Chini yake nikaandika onyo la kwanza, mistari mitano, bila "mpendwa". Akasaini. Mkono wake ulitetemeka, wangu pia.

Bosi amepokea, lakini hajasema kitu zaidi ya "Tutaona tarehe thelathini." Likitokea lolote kabla ya hapo, mume wangu anaondoka.

Na nyumbani hasemi nami. Anakula, anaosha sahani, analala akitazama ukuta. Leo siku ya nne. Nifanye nini?


Tarehe 19 Aprili

Binti ya kaka yangu,

Marahaba. Mvua imenyesha, paa linavuja mahali papya.

Mwache anune. Amepewa haki ya kununa, aitumie. Usimpikie vitu maalumu, usimwombe msamaha kwa onyo, na usiingie kazini ukiwa umevaa uso wa nyumbani. Ila hilo la sindano mzungumze nyumbani, peke yenu, na hapo huna cheo.

Barua yangu iliyopita, umeichana?

Shangazi yako.


Tarehe 6 Mei

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo, shikamoo tena. Sikuichana. Nitafika hapo, nipe nafasi.

Kwanza laazizi wangu. Siku ya sita ya kununa aliweka sahani chini akaniuliza, "Kama ingekuwa mtu mwingine, ungempa barua?" Nikasema, "Ningempa tangu Januari." Akafikiri. Akasema, "Basi umenichelewesha." Halafu akacheka, Shangazi, nami nikacheka na kulia, wali ukaungua. Tulizungumza mpaka tukachoka. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia kuhusu sindano. Akasema nilikuwa na furaha nyingi mno, hakuona pa kuiweka. Hilo limeniuma. Nimeahidi kupunguza, ingawa unajua ninavyoandika.

Tarehe thelathini tulikaa, kama tulivyoandika. Mama Pacha alileta kisanduku chenyewe akakimimina juu ya meza mbele ya bosi: kalamu arobaini na moja, funguo za ofisi ya mtu, meno ya bandia ya juu, na sindano mbili. Mbili, Shangazi. Hakuna hata nguo moja iliyoharibika. Bosi alizitazama zile sindano bila kuzigusa, akavua miwani zote, akamwuliza mume wangu, "Na wewe ulikuwa unatia mkono mtupu humo miaka sita?" Akaandika kwenye jalada kwamba onyo limefungwa. Kisha akamtaka aandike utaratibu wa meza ile ili zamu ya jioni nao waufuate. Ameandika kurasa mbili. Ana mwandiko mbaya, nampenda mno.

Zamu sasa wananitania vizuri. Mmoja akichelewa anasema mwenyewe, "Si mashine, ni mimi."

Sasa barua. Niliiacha juu ya meza ya kulia, nimeikunja, nikaenda jikoni. Baba alikuja jioni kama kawaida yake. Niliporudi alikuwa ameketi, karatasi mkononi. Alijua mwandiko wako. Nisamehe, Shangazi, wewe ulisema nichane na mimi nilitaka kuisoma tena.

Aliisoma mara mbili. Sikusema neno, nimeshafundishwa kunyamaza. Mwishowe akasema, "Saba. Mimi nilihesabu tano." Akaikunja. Halafu akasema, "Ile sahihi sikuijali. Alikuwa kazini. Nilikuwa namsubiri aje nyumbani aniulize nilikuwa na nini. Siku ya kwanza nikasema atakuja kesho."

Nikamwambia, "Basi niambie mimi, Baba, nitamwandikia."

Akanitazama kama nilipokuwa msichana wa shule. "Si wewe uliyekuwa msimamizi wangu. Aniulize yeye. Akiniuliza nitajibu. Kwa barua sijibu, na kwa simu hasikii." Akavaa viatu. Mlangoni akageuka akaniuliza basi la kwenda kwako linaondoka saa ngapi siku hizi.

Nimepata ruhusa ya siku tatu, mume wangu pia; bosi kasaini zote mbili kwa kalamu moja. Tandika vitanda, Shangazi, na ukae ukijua utakachomwuliza, maana hatakusaidia. Tunakuja watatu, kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao.